Meli ya Mizigo ya Jeshi: Ipi Inafaa kwa Pesa Zetu?

Matatu za nambari 46 zinazotoka katikati ya jiji kwenda Kawangware hupitia Hurlingham, karibu na Ulinzi House, makao makuu ya jeshi. Nauli unayompa makanga ina kodi ya mafuta ndani yake, na salio la simu unalonunua pale stendi lina ushuru wake. Hela hizo huingia Hazina ya Taifa, Harambee Avenue, kisha sehemu yake hurudi Ulinzi House kununua vifaa. Kwa hiyo jeshi likienda sokoni kutafuta meli, mnunuzi ni wewe. Na mnunuzi mwenye mfuko mwembamba hulinganisha bei kabla ya kutoa pesa.

Meli tunayozungumzia hapa si ya kupigana. Ni ya kubeba magari ya deraya, mafuta, maji, saruji, chakula na askari, kutoka Mombasa hadi kambi za kaskazini. Wanamaji wetu wanazo mbili za kazi hiyo, Galana na Tana, zilizojengwa Uhispania na kuingia kazini 1994. Zimepita miaka 30, umri ambao meli ya chuma huanza kula pesa nyingi za matengenezo. Meli mpya nayo huchukua miaka kujengwa, na makadirio ya bajeti hufika Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Anayetaka kusema aanze kujiandaa sasa.

Kazi yenyewe ni ipi?

Usinunue chombo kabla ya kujua kitakwenda wapi. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni takriban maili 130 za baharini. Hadi Kismayu, Somalia, ni kama maili 280. Kwenye bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa Mei 2021, maji ni mengi na gati ni refu, hivyo meli yoyote itafunga. Shida iko Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, kwenye mikono ya bahari ya Lamu na kwenye fuo zisizo na gati. Huko meli inayozama sana majini haifiki.

Askari wetu walipoingia Kismayu kwa bahari usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012, walishukia ufukweni. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza ni kina cha maji ambacho meli inahitaji, cha pili ni namna inavyoteremsha mzigo, cha tatu ni mzigo wenyewe. Kasi ije nafasi ya nne.

Chaguo la kwanza: katamarani ya kasi

Hii ndiyo inayopendeza kwenye picha. Ina miili miwili ya alumini, kama zile boti za mwendo kasi za Dar es Salaam na Zanzibar, ila ni kubwa zaidi. Ile iliyojengwa Alabama kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Marekani ina urefu wa mita 103, hubeba takriban tani 540 za mizigo, ina viti 312 vya askari na huenda noti 35 (maili 35 za baharini kwa saa) ikiwa na mzigo. Inahitaji maji ya mita 3.8 tu, kina kidogo kwa meli ya ukubwa huo.

Bei: takriban dola milioni 180. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya bilioni 23. Na hapo hujaweka mafuta.

Mafuta ndiyo yatakayokutoa jasho. Meli hiyo ina injini nne za dizeli, kila moja ya megawati 9.1. Injini za aina hiyo hula takriban gramu 200 za dizeli kwa kila kilowati kwa saa. Ikienda noti 35, hesabu inafika karibu lita 8,000 kwa saa. Mombasa hadi Lamu ni chini ya saa nne, yaani lita 30,000 hivi. Tuchukue dizeli kwa shilingi 160 kwa lita ili hesabu iwe rahisi: safari moja ya kwenda tu ni shilingi milioni 4.8.

Kuna kasoro nyingine ambayo muuzaji hataitaja mapema. Meli hii haipandi ufukweni. Kina chake kidogo kinaifikisha kwenye bandari ndogo, lakini bado inataka gati, na rampu yake inataka maji yaliyotulia. Ikifika Kiunga itasimama nje itazame nchi kavu. Wakaguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani waliripoti pia kwamba sehemu ya mbele ya zile za mwanzo iliharibiwa na mawimbi, ikabidi iimarishwe. Kumbuka kwamba kwetu kusi huvuma miezi mingi ya mwaka, na bahari ya wakati huo si ya kukimbilia.

Wenyewe walioagiza zaidi ya kumi wameanza kuziegesha. Mwaka 2024 idara yao ya uchukuzi wa baharini ilipanga kupumzisha meli 17 kwa kukosa mabaharia, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za aina hii. Tajiri akishindwa kuajiri watu wa kuiendesha, sisi tujiulize mara mbili.

Uamuzi: usinunue.

Chaguo la pili: meli ya chuma ya tumbo bapa

Hii ndiyo jamaa ya Galana na Tana. Haina mbwembwe. Ni sanduku refu la chuma lenye tumbo bapa, sitaha wazi, na rampu inayofunguka mbele. Aliyevuka Likoni ndani ya gari anaifahamu rampu ya namna hiyo.

Chukua mfano wa ile ya jeshi la nchi kavu la Marekani: urefu wa mita 53, mzigo takriban tani 317, mabaharia 13, mwendo wa noti 10. Pua yake inahitaji maji ya mita 1.2 tu inapokaribia ufuo. Galana na Tana zenyewe ni ndefu kidogo kuliko hiyo, na huenda noti 12 hivi.

Sasa tazama mafuta. Injini zake mbili kwa jumla hazifiki megawati mbili. Ni lita 400 na kitu kwa saa. Mombasa hadi Lamu ni saa 13, yaani lita 5,500 au zaidi kidogo. Kwa bei ile ile ya shilingi 160, safari ni laki tisa hivi.

Linganisha kwa tani, maana meli hizi hazibebi sawa. Katamarani iliyojaa hutumia lita 55 kwa kila tani inayofika Lamu. Meli ya tumbo bapa hutumia lita 17. Kwa pesa, ni shilingi 8,800 dhidi ya 2,800 hivi. Tofauti ni mara tatu, na hapo tumeipendelea katamarani kwa kudhani imejaa pomoni. Ikienda nusu tupu, gharama ya kila tani inakaribia kuongezeka maradufu.

Unachonunua kwa tofauti hiyo ni saa tisa. Ukibeba majeruhi, saa tisa ni uhai. Ukibeba saruji na magodoro, saa tisa hazina faida kwa mtu yeyote. Ni kama kulipia Expressway kutoka Mlolongo hadi Westlands ukiwa umepakia kokoto.

Faida nyingine ni maji kupwa na kujaa. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita tatu au zaidi. Meli ya tumbo bapa huingia maji yakiwa yamejaa, hukaa mchangani yakipwa, hushusha magari kwenye mchanga mkavu, kisha huelea maji yakirudi. Manahodha wa majahazi ya Lamu wamefanya hivyo karne na karne. Katamarani ya alumini ukiipweleza hivyo unaita mafundi.

Kasoro zake ni za kweli. Hadi Kismayu ni safari ya zaidi ya siku nzima. Tumbo bapa huyumba sana wakati wa kusi, na askari watafika wamechoka. Pia ikienda polepole karibu na pwani yenye adui inahitaji boti za doria za kuisindikiza, na boti hizo nazo hunywa mafuta.

Ukitaka kubwa zaidi, Nigeria iliagiza 2019 meli ya urefu wa mita 100, ikajengwa Sharjah na kufika Lagos 2022. Huenda noti 16 hivi na hubeba tani 450, pamoja na askari zaidi ya 200. Ni chaguo la kati: haraka kidogo, bado ya chuma, bado inafika ufukweni. Sharjah iko karibu nasi kuliko Ulaya, kwa hiyo hata gharama ya kuileta hupungua.

Uamuzi: nunua hii, na uchukue mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikiwa kwenye chelezo, nyingine iko kazini.

Chaguo la tatu: boti ndogo ya kushukia ufukweni, yenye kasi

Kati ya katamarani na meli ya tumbo bapa kuna boti fupi ya mita 36 inayohitaji maji yasiyofika mita 1.3, na inayokimbia noti 18 ikiwa na mzigo. Hubeba kifaru kimoja au magari manne madogo ya deraya. Marekani ilitia saini 2017 mkataba wa boti 36 kwa karibu dola milioni 980. Gawanya: dola milioni 27 kila moja, au shilingi bilioni 3.5. Baadaye bei ilipanda na idadi ikakatwa.

Kwa kuzunguka visiwa vya Lamu boti hii ni nzuri sana. Kwa kupeleka mizigo ya mwezi mzima kutoka Mombasa, utafanya safari nyingi mno na kila safari ina mafuta yake.

Uamuzi: ni nzuri ukiwa tayari na meli kubwa. Isiwe ya kwanza kununuliwa.

Chaguo la nne: feri ya mitumba

Sisi watu wa Gikomba na Toi hatudharau mitumba. Wanamaji wa Marekani wenyewe walichukua mwaka 2012 feri mbili za kasi za kampuni ya Hawaii iliyofunga biashara, kwa dola milioni 35 zote mbili. Hiyo ni shilingi bilioni 2.3 hivi kila moja kwa kiwango cha leo, wakati zikiwa mpya ziligharimu mara kadhaa zaidi.

Bei ya kununua ni tamu. Baada ya hapo kuna kubadilisha sitaha ili zibebe magari mazito, kuweka mawasiliano ya kijeshi, kukarabati injini na kupata vipuri vya modeli ambayo huenda haitengenezwi tena. Na mafuta ni yale yale ya katamarani. Mitumba ya alumini inaweza kuwa na nyufa ambazo macho hayazioni, kwa hiyo usilipe kabla ya mkaguzi wako mwenyewe kuipima. Mkaguzi wa muuzaji ni mtu wa muuzaji.

Meli ya zawadi ipimwe vivyo hivyo. Mwaka 2011 tulipokea kutoka Ufaransa boti ya doria iliyokuwa imetumika zaidi ya miaka 20. Kupokea hakuna gharama kubwa, kuendesha kuna. Usikubali zawadi ya meli kabla ya kuona orodha ya vipuri na bei zake.

Uamuzi: meli ya chuma ya mtumba, ndiyo, ikipita ukaguzi. Katamarani ya mtumba, hapana.

Chaguo la tano: kukodi

Marekani ilikodi katamarani ya mita 98 iliyojengwa Hobart, Tasmania, mwaka 2003. Kodi ya mwaka wa kwanza ilizidi dola milioni 20, yaani zaidi ya shilingi bilioni 2.5. Ukikodi kwa miaka tisa umemaliza bei ya kununua mpya, na huna hata boya la kuonyesha.

Kukodi kunafaa kwa jambo la dharura au la miezi michache: mafuriko ya mto Tana, au kuhamisha kambi. Soma mkataba. Siku za kusubiri mawimbi yatulie hulipwa. Safari ya meli kuja na kurudi kwao hulipwa. Kuelekea maji ya Somalia, bima ya hatari ya vita hulipwa, na huongezeka habari zikiwa mbaya. Katamarani hiyo hiyo ya Hobart, ikiwa imekodiwa na Falme za Kiarabu, ilipigwa kombora karibu na mlango wa Bab el-Mandeb tarehe 1 Oktoba 2016 na sehemu yake ya mbele ikaungua vibaya. Uliza mapema: meli ya kukodi ikiungua, nani analipa?

Uamuzi: kodi kwa miezi. Usikodi kwa miaka.

Chaguo la sita: tujenge wenyewe

Tangu 2020 tuna Kenya Shipyards Limited, yenye karakana Mombasa na Kisumu. Kisumu imejengwa Uhuru II, meli ya mita 100 ya kubeba mabehewa ya reli kwenye Ziwa Victoria, kwa takriban shilingi bilioni 2.4 na kwa ushirikiano na Waholanzi. Meli hiyo haiwezi kutoka ziwani, lakini inaonyesha kwamba bamba la chuma linakatwa na kuungwa hapa hapa.

Meli ya tumbo bapa ni kazi nyepesi kuliko meli ya doria. Chuma chake ni cha kawaida, injini zake ni za biashara, na fundi wa kambi ya wanamaji ya Mtongwe anaweza kuitengeneza miaka 20 baadaye bila kumpigia simu mtu wa ng'ambo. Alumini inahitaji uunganishaji wa kitaalamu ndani ya jengo lililofunikwa.

Hatari ya ujenzi wa nyumbani ni muda. Tarehe husogea, na kila mwaka unaosogea una mishahara yake. Weka bei isiyobadilika na faini ya kuchelewa, hata kama mjenzi ni shirika la serikali.

Uamuzi: agiza ya kwanza kwa aliyekwisha kujenga nyingi, pamoja na michoro na mafunzo. Ya pili ijengwe Mombasa.

Je, barabara na ndege?

Barabara ndiyo rahisi kuliko zote. Lori la tani 28 kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Lamu husafiri takriban kilomita 340. Likitumia lita moja kwa kilomita mbili, ni lita 6 hivi kwa tani, theluthi ya meli ya tumbo bapa. Mzigo wa meli moja ndogo unaingia kwenye malori 12.

Kwa hiyo mzigo wa kawaida wa kwenda Lamu uende kwa lami pale usalama unaporuhusu. Meli inalipa pale ambapo barabara ina mabomu ya kutegwa, msafara unahitaji ulinzi mkubwa, au mahali penyewe hapana barabara.

Mzigo wa dharura kweli, yaani damu, dawa na vipuri, huwa mdogo. Huo upande ndege. Jeshi la anga limepata tangu 2020 ndege tatu za mizigo za ukubwa wa kati zenye uwezo wa kubeba tani 11 hivi, na uwanja wa Manda uko pale pale. Kwa tani moja ndege ni ghali kuliko zote, lakini unapeleka tani mbili, tatu, si mia tano. Ukishaondoa cha dharura kwenda kwa ndege, sababu ya kununua meli ya noti 35 inabaki nyembamba sana.

Gharama zilizofichwa

Kwa kawaida bei ya kununua ni sehemu ndogo ya pesa zote. Kuendesha na kutunza kwa miaka 30 huchukua sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu. Kabla ya kukubali bei yoyote, angalia haya.

Mkopo. Ukikopa na meli ichelewe, unaweza kulipa ada ya ahadi kwa pesa ambazo hujazigusa. Uliza ada hiyo inaanza lini.

Kuchelewa. Mkataba wa meli ya doria Jasiri ulitiwa saini 2003 kwa takriban shilingi bilioni 4.1. Malipo yakasimamishwa wakati wa sakata la mikataba hewa la Anglo Leasing, na meli ikafika Mombasa Agosti 2012. Miaka tisa pesa zetu zilikuwa zimeegeshwa Uhispania.

Matengenezo ya mbali. Meli zetu za kivita Nyayo na Umoja zilipelekwa Italia kukarabatiwa na kurudi 2011. Chagua meli inayoingia kwenye chelezo cha Mombasa kwa upana wake. Katamarani ya upana wa mita 28 ipimwe kabla ya kusaini, si baada ya kufika.

Vipuri. Dai vipuri vya miaka mitano ndani ya bei, na injini ambazo zina wakala Afrika Mashariki.

Watu. Meli ya mabaharia 13 na meli ya mabaharia 26 zina mishahara tofauti kila mwezi, kwa miaka 30.

Usiri. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu baadhi ya ununuzi wa ulinzi kufanywa kwa siri. Silaha na rada zifichwe. Lakini bei ya mafuta, vipuri na chelezo cha meli ya kubeba saruji haina sababu ya kufichwa.

Cha kufanya

Kwa pesa tulizo nazo, nunua meli mbili za chuma za tumbo bapa, za noti 10 hadi 16, moja ya kuagiza na moja ya kujenga Mombasa. Mzigo wa dharura uende kwa ndege, na wa kawaida wa Lamu kwa barabara ikiwa salama. Katamarani ya bilioni 23 iache kwa wenye nazo.

Kamati za Bunge zinapoita maoni ya wananchi kuhusu bajeti, maandishi hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, katikati ya jiji. Ukurasa mmoja unatosha. Uliza mambo matatu: lita ngapi kwa tani, chelezo kipi, na nani analipa ikichelewa. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hastahili shilingi yako.